Klabu ya Wanachuo Ilizaliwa Lini?

Kila mahafali yanapokaribia, vikundi vya wanachuo hapa Moshi huagiza fulana. Rangi hupatikana haraka, na nembo haina mjadala kwa sababu Mlima Kilimanjaro hauna mpinzani. Shughuli huwa kwenye mstari mdogo ulio chini ya nembo, ule unaoanza na "Tangu". Hapo ndipo kamati hugawanyika.

Klabu moja ninayoifahamu kwa karibu, ambayo sitaitaja kwa kuwa mjadala wao haujaisha, ina miaka mitatu inayogombaniwa. Mwenyekiti wa sasa anashikilia mwaka chuo chao kilipopata hadhi ya chuo kikuu kamili, kwa hoja kwamba kabla ya hapo hakukuwa na klabu ya chuo kikuu. Dada mmoja aliyewahi kuwa katibu, ambaye sasa anafanya kazi benki huko Arusha, ana nakala ya katiba iliyogongwa muhuri miaka kadhaa kabla ya hapo. Na yuko kaka wa zamani zaidi, mwalimu wa sekondari Rombo, mwenye picha ya vijana wa miaka ya tisini wamekaa kwenye nyasi na jezi za kuazima. Anasema klabu ni ile, mengine ni makaratasi.

Wote watatu wana ushahidi, na kwa maoni yangu wote wanasema kweli. Wanabishana juu ya mwaka kwa sababu hawajakubaliana klabu ni kitu gani. Kwa kaka wa Rombo, klabu ni watu waliozoea kukutana. Kwa dada wa Arusha ni katiba. Kwa mwenyekiti ni kutambuliwa na chuo. Mimi nina jibu la nne, na naamini Moshi ina haki ya kulitoa kuliko mji mwingine wowote wa Tanzania. Lakini haya matatu yanastahili kusikilizwa kwanza, maana kila moja lina historia ndefu nyuma yake.

Tuanze na watu. Vijana wengi hudhani klabu za wanachuo tuliziletewa pamoja na majoho na kofia za mahafali. Umbo lake lilikuwepo kabla nchi hii haijawa na chuo kikuu hata kimoja. Mwishoni mwa karne ya 19 ngoma ya beni ilizuka kwenye miji ya pwani, na vikundi vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilikuwa na kila kitu ambacho klabu ya leo inacho: vyeo, sare, ada, ushindani mkali, na wajibu wa kusaidiana mwenzao anapougua au kufiwa. Askari na makarani waliibeba ngoma hiyo hadi bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Mwaka 1922, mjini Tanga, karani Martin Kayamba aliongoza kuanzishwa kwa chama cha Waafrika waliokuwa watumishi wa serikali. Kwenye barua kilikuwa chama cha kutetea maslahi. Jioni kilikuwa klabu: mpira wa miguu, magazeti, mazungumzo ya watu waliosoma. Mwaka 1929 African Association ikaanzishwa Dar es Salaam, na wengi wa wanachama wake walikuwa watu wa aina hiyohiyo.

Kwa hiyo kijana wa Tanganyika aliyepata nafasi ya kwenda Makerere hakwenda mikono mitupu. Alikwenda akijua jinsi watu wa kwao wanavyokaa kikao. Julius Nyerere alisoma Makerere kati ya 1943 na 1945, na akiwa huko yeye na wenzake, wakiwemo Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, walianzisha chama cha ustawi cha wanafunzi waliotoka Tanganyika. Baadaye waliona hakuna haja ya kusimama peke yao, wakakigeuza kuwa tawi la African Association. Lilikuwa jambo la vijana wachache walio ugenini Kampala, wakitafutana kwa sababu wanatoka upande mmoja. Kila mwanachuo wa Kigoma au Mtwara aliyeshuka stendi ya Moshi na begi lake, akauliza kama kuna watu wa kwao hapa chuoni, anaijua hali hiyo. Kaka wa Rombo ana hoja nzito.

Lakini angalia jinsi nchi yenyewe ilivyochagua siku zake. Nyerere alichaguliwa mwaka 1953 kuwa rais wa TAA, jina ambalo African Association ilikuwa ikilitumia wakati huo. Tarehe 7 Julai 1954, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, chama hicho kilipewa katiba mpya na jina jipya, kikawa TANU. Viongozi wengi walikuwa walewale wa jana yake. Hata hivyo tunayoiadhimisha ni Sabasaba, siku ya katiba, wala hatuhesabu kuanzia 1929.

Arusha inatupa mfano wa wazi zaidi. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini humo mwishoni mwa Januari 1967, na jengo linalokumbusha kikao hicho bado liko Kaloleni kama Makumbusho ya Azimio la Arusha. Maneno yalikubaliwa Januari. Tarehe tuliyofundishwa shuleni ni 5 Februari, siku Azimio lilipotangazwa. Miaka kumi baadaye, TANU na ASP ya Zanzibar zilipoungana, siku ya kuzaliwa kwa CCM ikapangwa iangukie 5 Februari 1977. Mwanafunzi akisema "tarehe haichaguliwi, inagunduliwa tu", mpeleke Kaloleni. Tarehe za vyama huchaguliwa na watu wenye jambo wanalotaka likumbukwe, na hakuna aibu katika hilo mradi waliochagua wajue walichochagua. Dada wa Arusha anapoweka katiba yake mezani, yuko upande mmoja na serikali.

Shida ya kushika katiba peke yake inaonekana Dar es Salaam. Chuo kikuu kishiriki cha kwanza nchini kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kisha kikahamia Mlimani. Tangu hapo chombo cha wanafunzi pale kimebadilishwa jina na katiba mara kwa mara. Kulikuwa na DUSO. Baada ya maandamano ya wanafunzi ya 1978 DUSO ilipigwa marufuku, nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA, iliyofungamanishwa na vijana wa chama tawala. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, baada ya mgogoro mwingine uliofunga chuo mwaka 1990, ikaja DARUSO. Ukifuata katiba, utasema wanafunzi wa Mlimani wamezaliwa upya kila walipogombana na serikali. Aliyeishi pale miaka ile hatakubali. Mabweni yalikuwa yaleyale, na urafiki na michango na ubishi wa usiku havikusubiri msajili.

Kisa cha kundi la USARF kinalionyesha hili vizuri, na nitakaa nacho kidogo kwa sababu kinagusa upande wa starehe wa klabu, ambao wanahistoria huuruka. Vyuo vya Kiingereza vilikuwa na desturi ya siku moja kwa mwaka ambapo wanafunzi huvaa matambara, hupanda malori na kuzunguka mjini kwa kelele na vichekesho wakikusanya fedha za hisani. Desturi hiyo ilifika Afrika Mashariki pamoja na vyuo. USARF, kundi la wanafunzi wa mrengo wa kushoto lililoanzishwa 1967 na kuongozwa na Yoweri Museveni, aliyekuwa mwanafunzi pale, liliona ni matusi: mtu mwenye chakula cha uhakika bwenini anavaa matambara kwa mzaha mbele ya mtu ambaye hana nguo nyingine. Mwaka 1968 wakatoa upepo kwenye matairi ya magari yaliyoandaliwa kwa msafara, na sherehe ikavurugika. Naupenda ugomvi ule. Wanafunzi waliuliza swali ambalo klabu nyingi za leo haziulizi kabla ya kupanga sherehe: tunacheka na nani, na tunamcheka nani?

Novemba 1970 USARF ikapigwa marufuku, na jarida lao Cheche likafa pamoja nayo. Watu hawakufa. Tawi la vijana wa TANU hapohapo Mlimani likaanza kutoa jarida jingine, MajiMaji, na mijadala ikaendelea. Jina liliondoka, watu wakabaki na desturi yao ya kusoma na kubishana.

Sasa idhini, hoja ya mwenyekiti. Hapa wengi huchanganya mambo, kwa hiyo tuyatenganishe. Chama cha kawaida cha kijamii nchini husajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, iliyotungwa 1954 wakati wa ukoloni na ambayo bado inatumika pamoja na marekebisho yake. Klabu ya wanachuo kwa kawaida haipiti njia hiyo. Inaishi chini ya mwavuli wa chuo: wanachama huandika barua kwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi, wanaambatanisha katiba na orodha ya majina, wanamtafuta mhadhiri akubali kuwa mlezi, kisha wanaruhusiwa kutumia ukumbi na ubao wa matangazo. Serikali ya wanafunzi ni chombo kingine kabisa. Kila mwanachuo ni mwanachama wake apende asipende, na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 inaitambua. Klabu ni ya hiari. Jumuiya za dini kama TMCS, USCF, TAMSYA na TUCASA ni za hiari pia, ila zina mama: zina mtandao wa kitaifa, kwa hiyo tawi likifunguliwa kuna barua, na swali la kuzaliwa halisumbui mtu. Klabu ya kijamii haina mama. Imezaliwa na wanafunzi, wakiondoka ni yatima.

Idhini ni kitu cha maana, sitaki nieleweke vibaya. Bila hiyo hupati ukumbi, na siku kukiwa na matatizo hakuna anayekufahamu. Lakini kuifanya kuwa siku ya kuzaliwa kunaleta tatizo ambalo Moshi tunalijua vizuri. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa Januari 1963. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kibao cha getini kimebadilika, barua zina nembo nyingine, muhuri mwingine. Je, vijana waliokuwa wakikusanyika chini ya miti ileile mwaka 2003 walikuwa wanafanya kitu kingine? Mwenyekiti anaposema klabu ilianza na chuo kikuu, anaeleza historia ya kibao.

Kuna jambo jingine linalofanya historia hizi zipotee, nalo ni urefu wa masomo. Shahada nyingi ni miaka mitatu. Mwaka wa kwanza mtu anajifunza njia ya kwenda darasani na kuhangaikia geto. Mwaka wa pili anachaguliwa kwenye kamati. Mwaka wa tatu anawaza ripoti ya utafiti na kazi. Kwa hiyo klabu ina kiongozi mwenye akili iliyotulia kwa mwaka mmoja hivi, na wa stashahada wana muda mfupi zaidi. Linganisha na wanafunzi wa udaktari pale hospitali ya KCMC, ambao chuo chao kilianza 1997: masomo yao ni miaka mitano. Aliyeko mwaka wa tano amewakuta waliokuwa wa tano wakati yeye anaingia, na anawaacha walioingia sasa hivi. Kumbukumbu ya mtu mmoja inafunika karibu miaka kumi. Kwenye chuo cha miaka mitatu, jambo lililotokea miaka mitano iliyopita ni hadithi ya kale, na aliyelisimulia alilisikia kwa aliyelisikia.

Kwa mtu anayetaka kutafuta ukweli, vyanzo vipo kuliko watu wanavyodhani. Makundi ya WhatsApp yananisikitisha zaidi, maana simu ikiibiwa, miaka inaondoka. Picha ni nzuri lakini nadra kuandikwa tarehe nyuma. Fulana za zamani zinasaidia sana, kwa sababu aliyeivaa bado analala nayo. Barua za maombi ya ukumbi hubaki kwenye mafaili ya ofisi muda mrefu kuliko katiba, kwa kuwa zinahusu mali ya chuo. Na wauza chakula waliokaa nje ya geti miaka mingi wanakumbuka nani alikuwa akiagiza sahani mia kwa sherehe gani.

Chanzo ninachokiamini kuliko vyote ni kauntabuku ya mweka hazina.

Hapa naingia kwenye jibu langu, na Moshi inaingia nami. Mji huu ulijengwa na watu waliojua kuchanga. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake. Walichanga kununua dawa za wadudu, wakasimama pamoja dhidi ya walowezi ambao hawakutaka Mwafrika alime kahawa. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya ushirika, na chama kikasajiliwa upya kama KNCU mwanzoni mwa 1933. Mwaka 1976 serikali huru ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Sheria mpya ya 1982 ikavirudisha, na KNCU ikaanzishwa tena 1984. Muulize mzee wa Kibosho KNCU ina umri gani. Hataanza na sheria ya 1932 wala ya 1982. Atakwambia baba yake alipeleka kahawa mwaka gani, na alilipwa nini. Kwake chama ni mahali alipoweka jasho lake, likaandikwa kitabuni, likarudi.

Ndiyo maana nasema klabu ya wanachuo huzaliwa siku mtu wa kwanza anapotoa fedha kwa ajili ya mtu ambaye si rafiki yake, kwa sababu tu ni mwanachama mwenzake, na mtu wa tatu anaiandika. Kabla ya hapo kuna marafiki. Marafiki huchangiana bila daftari. Klabu inaanza pale wajibu unapovuka urafiki.

Nimeiona kauntabuku kongwe kuliko zote za klabu hii ninayoizungumzia. Ni daftari nene, la ukubwa wa kwaya tatu, jalada limebandikwa kwa selotepu. Kurasa zimepigwa mistari kwa rula: jina, mwaka wa masomo, ada, msiba, sherehe. Safu ya ada ina mapengo mengi. Ya sherehe imejaa Novemba na tupu miezi mingine. Ya msiba imejaa kila mahali, hata mbele ya majina ya watu ambao hawakulipa ada kabisa. Ukurasa mmoja una maelezo marefu kuliko mengine: mwenzao amefiwa na baba, safari ni Singida, wanakwenda wawakilishi wawili, nauli kwenda na kurudi, rambirambi kwenye bahasha, na chini yake sahihi ya mfiwa mwenyewe akikiri kupokea, kwa maandishi yaliyoinama. Ukurasa huo una tarehe ya mwaka 2003. Ni kabla ya katiba ya dada wa Arusha na kabla kabisa ya chuo kikuu kamili, lakini ni baada ya picha ya nyasi.

Mwenyekiti alinijibu kwamba kwa hesabu hiyo, kikundi chochote cha kuchangiana msiba ni klabu. Ni pingamizi la haki. Jibu langu ni kwamba tofauti iko kwenye safu nyingine mbili. Kikundi cha msiba hakina safu ya sherehe. Klabu inakuzika na inakucheza. Inalipia spika za kuwakaribisha mwaka wa kwanza, keki ya mahafali, mpira wa kugombea mbuzi na chuo jirani, na kitabu hichohicho kinabeba bahasha ya Singida. Chombo chenye moja tu kati ya haya hakidumu. Cha sherehe tupu hufa wafadhili wakihitimu. Cha msiba tupu hugeuka mzigo, watu wakaanza kuzima simu.

Siku hizi kauntabuku hizo zimeongezeka safu ya nne, ya mikopo, na hili linahitaji tahadhari ambayo wengi hawana. Bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, linapochelewa, mweka hazina huombwa akopeshe kutoka mfuko wa klabu, na riba ndogo huongezwa ili mfuko ukue. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kikundi cha kijamii kinachoweka na kukopeshana kinaingia daraja la nne la watoa huduma hizo, na kinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri. Kuchangiana msiba na sherehe hakujaguswa. Lakini klabu ikishaanza kukopesha kwa riba, barua ya mshauri wa wanafunzi haiitoshi tena, hata kama mlezi ameisaini na mfuko ni mdogo. Ushauri ninaowapa ni mmoja: kama hamko tayari kwenda halmashauri, futeni safu ya nne, mbaki na tatu.

Na makabidhiano yafanyike kabla ya mitihani ya mwisho, si baada ya mahafali, wakati mweka hazina wa zamani bado yuko chuoni na anaweza kuulizwa. Kitabu kihesabiwe mbele ya mlezi, wa zamani aandike "nimekabidhi", mpya aandike "nimepokea", na nakala ya kurasa zote ipelekwe maktaba ya chuo. Wakutubi niliozungumza nao hawana pingamizi. Wanachoomba ni kwamba kila kitabu kiandikwe kwenye jalada mwaka kilipoanza na mwaka kilipojaa.